Kinachogusa Lami

Kazi tatu ndizo zilizowafundisha vijana wengi wa rika langu namna ya kulitazama gari, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mwalimu wa udereva. Ya kwanza ni mchezo wa video wa Need for Speed: Underground 2, uliotoka mwaka 2004. Ya pili ni Gran Turismo, mfululizo wa michezo ulioanza mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza. Ya tatu ni Initial D, hadithi ya picha ya Mjapani Shuichi Shigeno, iliyoanza kuchapishwa 1995 na kumalizika 2013, ambayo wengi wetu tuliijua kwa katuni zake kabla hatujasikia kwamba ina vitabu. Tulizipata kwenye vibanda vya gemu, kwenye flashi za kuazimana, kwenye kompyuta za kaka zetu. Tulizimeza bila kuzihakiki, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba ni kazi za kuhakikiwa.

Nataka kuzihakiki hapa kwa swali moja tu: ndani ya kazi hii, tairi linanunuliwa lini?

Linaonekana swali la fundi wa gereji kuliko la mhakiki. Lakini mpangilio wa manunuzi una msuko wake, kama riwaya ilivyo na msuko wake. Mtu aliyenunua gari la kwendea kazini Jumatatu, ambalo angependa siku moja kulipeleka kwenye uwanja wa mbio na kurudi nalo nyumbani, ana fedha kidogo na matamanio mengi. Anachotanguliza kwenye orodha yake kinaeleza anaamini gari ni kitu gani. Kinachofuata kinaeleza anadhani nani anamtazama.

Kila aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha sita anaukumbuka mjadala wa fani na maudhui. Kuna walimu waliotuambia kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai: unaweza kuihamishia chai ileile kwenye kikombe kingine na ladha isibadilike. Kuna waliotuambia kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Tulikariri majina ya mitazamo yote miwili, wa kidhanifu na wa kiyakinifu, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi mjadala huo umenirudia sasa, nikiwa nasoma shahada ya uzamili, na umenirudia kupitia magurudumu. Mtaani wengi wetu bado tunaishi kwa nadharia ya kikombe. Rimu ndiyo kikombe. Tunaichagua kwa macho, kisha tunatafuta tairi lolote litakaloingia.

Kabla ya kuingia kwenye kazi zenyewe, tufanye hesabu ndogo, maana bila hesabu hii uhakiki wote utakuwa maoni matupu. Chukua Mazda Roadster ya kwanza, ile iliyotoka 1989 na ambayo nchi nyingine huiita MX-5 au Miata. Ni gari la viti viwili, injini ya lita 1.6, uzito wa kilo 940 hivi. Mweke dereva ndani, uzito unafika kilo 1,000. Jaza matairi upepo wa psi 29. Eneo lote la mpira linalogusa barabara, kwa matairi yote manne, ni kama sentimita za mraba 500. Gawa kwa nne: kila tairi linabaki na sentimita za mraba 125 hivi, yaani kiganja cha mtu mzima pamoja na sehemu ya vidole vyake. Ugumu wa ukuta wa tairi hubadilisha hesabu kidogo, lakini picha inabaki ileile.

Kila jambo ambalo dereva anataka gari lifanye lazima lipite kwenye viganja hivyo vinne. Breki hubana diski, lakini mpira ndio unaoishika barabara hadi gari likasimama. Usukani hugeuza gurudumu, lakini mpira ndio unaolivuta gari kuingia kwenye kona. Injini yenye turbo inaweza kuzungusha gurudumu kwa kasi ya kutisha, na kama mpira haushiki, matokeo ni moshi na kelele. Ndiyo maana nimelichukua tairi kama kipimo. Ni mahali ambapo madai yote ya gari hukutana na ukweli.

Sasa tuanze na Underground 2.

Hii ni kazi ya usiku. Mji wake wa kubuni, Bayview, haujui mchana, na mara nyingi lami imelowa ili taa zipate pa kung'aa. Mchezaji anazunguka kutoka duka moja hadi jingine akinunua bampa, spoila, rangi, stika, taa za chini ya gari, spika za kujaza buti, na rimu za kila sura, zikiwamo zile ambazo uso wake huendelea kuzunguka gari likiwa limesimama. Kila kitu kinaongeza nyota za mwonekano, na bila nyota za kutosha gari lako halipigwi picha ya jalada la gazeti. Matairi yapo pia. Yamo kwenye orodha ya vifaa vya utendaji, jirani na turbo na nitrasi, na yananunuliwa kwa ngazi. Lakini tairi la Underground 2 halizeeki, halina tarehe, halilipi gharama ya joto wala ya mvua. Ukishalinunua umemalizana nalo. Maji ya barabarani ni kioo cha taa zaidi ya kuwa hatari.

Itakuwa rahisi kuidharau kazi hii, na wahakiki wa magari huidharau. Mimi siidharau. Ilielewa jambo ambalo kazi zenye heshima kubwa zaidi hazikulielewa: kwamba kijana anayepaka gari lake rangi anaandika jina lake mahali ambapo hakupewa nafasi ya kuliandika. Ni undugu na maandishi ya daladala na bajaji, na methali ya kwenye pindo la khanga. Kosa lake liko kwingine. Imeigawa kazi ya kulitengeneza gari katika vikapu viwili, kinachoonekana na kinachotenda, na imeweka jalada la gazeti mwishoni mwa kikapu kimoja tu. Hakuna gazeti Bayview linalompiga picha mtu kwa sababu breki zake zilishika.

Gran Turismo ilianza kwa imani tofauti. Muundaji wake, Kazunori Yamauchi wa studio ya Polyphony Digital, anakupa fedha kidogo na kukupeleka kwenye soko la magari yaliyotumika, jambo ambalo mtoto wa Dar es Salaam analielewa bila kufafanuliwa. Kisha anakuzuia kushindana hadi ufaulu mitihani ya leseni. Somo la mwanzo kabisa ni kuondoka na kusimama ndani ya alama zilizochorwa. Nilipolirudia nikiwa mtu mzima nilicheka peke yangu: kazi nzima ya mbio, iliyouza mamilioni ya nakala, inafunguliwa kwa funzo la kusimama.

Katika toleo la nne, la mwaka 2004, matairi yamepangwa kwa familia: ya kawaida, ya michezo na ya mbio, na kila familia ina ngazi za ulaini. Ukiendesha kwa pupa, alama nne ndogo za matairi kwenye skrini hubadilika rangi, na gari huanza kukataa kuingia kwenye kona. Mchezaji makini hugundua mapema kwamba tairi laini zaidi linaweza kumpunguzia sekunde nyingi kuliko turbo, hasa kwenye uwanja mfupi wenye kona nyingi kama Tsukuba ya Japani, ambao mzunguko wake ni kilomita mbili na kidogo. Hapa tairi si pambo wala ngazi ya kupanda. Ni hoja: mwendo wako unategemea mkataba wako na ardhi, na mkataba huo unalika kadiri unavyoutumia.

Lakini Gran Turismo nayo ina upofu wake, na upofu huo unatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Kwanza, katika matoleo hayo ukigonga ukuta gari linadunda na kuendelea. Bodi haibonyei, mtu haumii, hakuna anayepiga simu nyumbani. Pili, na hili halisemwi sana, kazi hii haina barabara ya kurudi. Kutoka kwenye menyu unatokea uwanjani. Mbio zikiisha unarudi kwenye menyu. Unaweza kufunga matairi ya mbio tupu kwa kubonyeza kitufe kimoja na kuyavua kwa kitufe kingine. Gari la Gran Turismo halijawahi kukwama kwenye foleni ya Ubungo mvua ikinyesha, likiwa na matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya lami kavu na ya moto.

Kwa hiyo naomba nitoke nje ya kazi hizi kidogo, niende mahali ambapo barabara ya kurudi ipo. Uwanja wa Nürburgring Nordschleife nchini Ujerumani una urefu wa zaidi ya kilomita 20, na kwa siku zilizopangwa mtu yeyote mwenye leseni na gari lililosajiliwa anaweza kulipa na kuingia. Kisheria siku hizo huhesabiwa kama barabara ya kulipia, na sheria za barabarani za Ujerumani zinabaki palepale. Watu huja na magari ambayo Jumatatu yatawapeleka kazini. Gari la namna hiyo ndilo hasa ninalolizungumzia: la mtaani linalokwenda uwanjani kwa magurudumu yake lenyewe na kurudi kwa magurudumu yaleyale. Waliozoea hupanga manunuzi yao kwa mtiririko ambao haufanani na wa Bayview hata kidogo.

Wanaanza na kitu ambacho hakuna jirani atakayekiona: mafuta ya breki. Mafuta haya hufyonza unyevu kutoka hewani, na yakishaufyonza huchemka mapema. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yastahimili angalau nyuzi joto 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka; yakishashika unyevu, kiwango kinachotakiwa ni 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusikia. Chupa moja ya mafuta mapya na saa moja ya fundi huzuia hilo.

Kisha pedi za breki. Hapa ndipo maisha mawili ya gari yanapogombana kwa mara ya kwanza. Pedi kali za mbio hutaka joto ndipo zishike. Asubuhi zikiwa baridi hushika kwa uvivu na kulia kila taa nyekundu. Anayekwenda na gari lake kazini anachagua pedi ya katikati, inayostahimili joto kuliko ya kawaida na bado inashika mtoto anapokatiza barabara saa moja asubuhi. Hachagui pedi bora kwa mbio. Anachagua pedi ya maisha anayoishi.

Kisha matairi. Marekani ina utaratibu wa kuandika ubavuni mwa tairi namba ya uchakavu. Tairi la familia linaweza kuwa na 400, 500 au zaidi. Matairi laini ya mtaani yanayopelekwa uwanjani huandikwa 200, na namba hiyo imekuwa mpaka wa madaraja mengi ya mashindano ya magari ya mtaani huko. Si kipimo cha kuaminiwa kama maandiko, maana watengenezaji hujipimia wenyewe, lakini inamwambia mnunuzi jambo moja muhimu: kushika sana na kudumu sana havikai nyumba moja. Kila tairi ni maafikiano.

Rimu huja baada ya hapo, na huja kwa ajili ya tairi. Roadster ile ya 1989 ilitoka kiwandani na tairi la 185/60R14: upana wa milimita 185, ukuta wenye kimo cha asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 14. Wengi wanaoipeleka uwanjani hupanda hadi inchi 15 tu. Si kwa kuwa inchi 15 zinapendeza, bali kwa kuwa matairi mazuri ya inchi 15 ni mengi kuliko ya 14. Tairi la 195/50R15 lina kimo kizima cha milimita 576. Lile la kiwandani lina 578. Gurudumu limebaki na kimo kilekile, kwa hiyo spidomita haidanganyi na tairi haligusi madigadi. Tundu nne za rimu lazima zikae kwenye duara la milimita 100, na kina cha rimu kisiisogeze mbali na mahali kiwanda kilipoikusudia, la sivyo beringi zinabeba mzigo usio wao. Na rimu iwe nyepesi, kwa sababu uzito wa gurudumu uko chini ya springi: kila shimo linaupiga moja kwa moja, na shokapu ndiyo inayohangaika kuutuliza.

Ukiangalia vizuri, hapa nadharia ya kikombe imekufa. Upana wa rimu hubadilisha umbo la tairi, umbo la tairi hubadilisha kiganja kinachogusa lami, na kiganja ndicho kinachoamua gari litasema nini kwenye kona. Huwezi kuihamisha chai ile ikabaki chai ile. Baada ya matairi huja alaimenti, ambayo haionekani kabisa, kisha kiti kinachomshika dereva ili mikono yake ifanye kazi ya usukani peke yake. Springi na shokapu zinafuata. Nguvu za injini huja mwisho, na wengine wakifika hapo hugundua kwamba hawazihitaji tena.

Nirudi kwenye kazi ya tatu. Initial D inamhusu Takumi Fujiwara, kijana anayempelekea baba yake tofu alfajiri kwa Toyota Sprinter Trueno AE86, akipanda na kushuka mlima wa Akina, uliochorwa kwa kufuata mlima halisi wa Haruna. Baba yake, Bunta, humwekea kikombe cha maji ndani ya gari. Maji yasimwagike, tofu isivunjike. Kwa miaka mingi ya kufanya hivyo kijana amejifunza, bila kujua, jinsi uzito wa gari unavyohama kutoka tairi moja hadi jingine.

Sijui mfano bora zaidi wa kikombe katika mjadala wa fani na maudhui. Maji hayamo ndani ya kikombe kwa ajili ya kunywewa. Yamo kama mhakiki: yanasoma kila mguso wa breki na kila mkato wa usukani, na yanatoa hukumu papo hapo. Na Shigeno alielewa tairi. Nakazato anapokuja na Nissan GT-R, gari lenye nguvu nyingi na uzito mkubwa, uzito huo ndio unaomlemea mteremkoni. Matairi ya mbele yanachoka na gari halitaki tena kuingia kwenye kona. Gari kongwe jepesi linashinda. Ndiyo maana hadithi hii imependwa sana kwetu, tunaonunua magari ambayo Wajapani wameshayachoka. Inatuambia kwamba mtumba si aibu.

Simulizi ya namna hiyo tunayo hapa Afrika Mashariki tangu kabla ya Shigeno. Mbio za Safari zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari, alizishinda akiwa na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mbio zile zilikuwa za matope, mawe na mito. Gari lililofika lilikuwa lile lililoandaliwa kufika. Nashangaa kwamba tumemwacha Joginder kwenye maswali ya chemsha bongo, na tukaenda kujifunza subira ya gari kutoka Japani.

Lakini Initial D inaficha gharama yake kuliko kazi zote tatu. Mlima wa Akina ni barabara ya umma. Magari yanashuka kwa kuteleza, yakitumia njia zote mbili, na anayepanda kutoka upande wa pili haonekani mara nyingi kwenye kurasa hizo. Yeye ndiye mhusika ambaye kazi hii haikumwandika. Sisi Dar hatuna Tsukuba ya kwenda Jumapili, kwa hiyo kijana aliyelelewa na kazi hizi tatu anabaki na barabara ya usiku, na kwenye barabara hiyo mhusika yule yupo: mama anayetoka sokoni kufunga meza yake, dereva wa bodaboda asiye na taa ya nyuma.

Nalisema hili kwa sababu lina uso nyumbani kwetu. Mdogo wangu ana miaka 23. Alipopata kazi yake ya kwanza alinunua Toyota Altezza, gari la nyuma-ndiyo-inasukuma ambalo vijana hapa wanalipenda kuliko busara inavyoruhusu. Fedha iliyobaki ilitosha kitu kimoja kati ya viwili: rimu za inchi 18 zikiwa na matairi ya mtumba, au matairi manne mapya kwenye rimu zake za kiwandani. Aliniuliza, nami nikampa mhadhara, mfupi kuliko huu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa dada, lakini matairi mapya nani atayaona?"

Hilo ni swali zito, na sitaki kulipita kwa methali ya mkakasi na kipande cha mti. Mdogo wangu hatafuti sifa za bure. Amekulia mtaa ambao kijana wa umri wake akipita kwa miguu hakuna anayegeuka, na akipita kwa gari lenye rimu zinazong'aa watu wazima wanasogea. Kuonekana ni haja ya mtu, kama kula. Mhakiki anayemwambia kijana kwamba mwonekano ni upuuzi mara nyingi ni mtu ambaye tayari anaonekana, kwa cheo chake, kwa shahada yake, kwa jina la baba yake.

Nilikwenda naye dukani. Sikumwambia asinunue. Nilimwomba tu asome ubavu wa matairi yaliyofungwa kwenye rimu zile. Kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi mawili yalisomeka 2211. Wiki ya 22 ya mwaka 2011, yeye akiwa darasa la tatu. Tairi la tatu lilikuwa la mwaka mwingine. La nne lilikuwa limeandikwa STUDLESS: tairi la majira ya baridi la Japani, ambalo mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye theluji, na ambalo kwenye joto la Dar es Salaam hulegea, huyumba na kulika haraka. Meno yalikuwepo kwa yote manne, meusi na yaliyopakwa dawa ya kung'arisha. Ukitazama kwa macho tu, yalikuwa matairi mazuri.

Mdogo wangu alinyamaza. Hatimaye alinunua mapya, na mpaka leo analalamika kwamba gari lake linafanana na la mzee wa kanisa. Ana haki ya kulalamika. Linafanana nalo kweli.

Ninachokidai kwa kazi hizi tatu, basi, si kwamba ziache urembo. Nadai urembo unaojua kusoma. Underground 2 ilitupa hamu ya kujichora na haikutupa tarehe ya tairi. Gran Turismo ilitupa nidhamu na ikasahau safari ya kurudi nyumbani. Initial D ilitupa kikombe cha maji na ikamwondoa barabarani mtu anayekuja kutoka upande wa pili. Kila moja imeona sehemu ya gari, na sisi tuliozipenda zote tatu tuna wajibu wa kuzisoma kwa pamoja, kila moja ikisahihisha nyingine. Hatukufundishwa kufanya hivyo darasani, kwa kuwa darasani fasihi iliishia kwenye riwaya na tamthiliya, na gari likaachiwa mtaa.

Na uhakiki wenyewe uanzie pale tulipozoea kupiga makofi. Rafiki akileta gari lake jipya kulionyesha, tunajua maneno ya kuzisifu rimu. Tumeyasikia tangu utotoni. Hatuna maneno ya kumsifu mtu aliyebadilisha mafuta ya breki. Hatuna neno hata moja la heshima kwa alaimenti iliyonyooka. Kijana akijua kwamba kitu hakitasifiwa, atakinunua mwisho, au hatakinunua kabisa. Kwa hiyo safari nyingine rafiki akikuita uje uone gari lake, zisifu rimu kama zinastahili. Kisha inama karibu na gurudumu la nyuma, futa vumbi, msomee kwa sauti zile namba nne, na kama ni za karibuni, mpongeze mbele ya watu.